Ile Isiyouliza

"Nitolee programu hii, baba, uniwekee ile ndogo," Bi Eliamani alisema, akiitua kompyuta yake mezani kwa fundi Sefu. "Nataka ya kusafisha kompyuta tu. Hii inanipigia kelele kila asubuhi kabla sijamaliza kusali."

"Inakuarifu, mama."

"Inanichokoza! Eti kuna faili halijafunguliwa mwaka mzima, je, ilifute? Nikisema hapana, kesho inarudi na swali lile lile. Mungu anisamehe, jana nimeitukana."

Sefu alicheka, akaiwasha. Papo hapo dirisha likachomoza na jina la faili lenyewe: Nsia anaimba.

"Nsia ndiye nani?"

"Marehemu binti yangu." Bi Eliamani alitazama pembeni. "Sijaweza kulisikiliza."

Kicheko kikamkauka Sefu. "Mama, hiyo ndogo ninayo, na haina kelele kabisa. Lakini haiulizi. Ikikuta kitu hakijaguswa siku nyingi, inafuta."

"Inafuta hivi hivi tu?"

"Si ndiyo uliyoitaka?"

Bi Eliamani alisonya, akaifunika kompyuta na kuikumbatia. "Basi niachie kisirani changu hiki hiki."

Kesho yake, katikati ya sala, kengele ya kompyuta ikalia. Alifumbua jicho moja.

"Nilifute?" dirisha liliuliza.

"Hapana, wewe! Hapana!" Alibonyeza kwa hasira. Lakini safari hii hakuyafumba macho tena. Mkono wake ulisogea polepole, ukalifungua faili, kisha ukaenda kwenye spika na kuanza kuongeza sauti.