Kilio cha Aleida

Mwalimu Mholanzi alikaa mkekani, barazani kwake, katika mji wa Baraka kando ya ziwa, akiandika. Alikuwa pia mshairi, amezeekea vitabuni, akisoma maombolezo ya Wagiriki wa kale. Leo kilio kilitungwa mbele yake, na hakutaka hata neno limpite.

Telegramu ilikuwa imefika asubuhi: mama yake amefariki Uholanzi. Bamama majirani wakaja, maana mfiwa haachwi peke yake.

"Mama yako aliitwa nani, baba?" akauliza jirani mmoja, muuza ndakala, wale dagaa wa ziwani.

"Aleida," akajibu bila kuinua kalamu.

Wakaimba: "Aleida eh, usiogope. Mutoto yako iko kwetu. Anakula samaki yetu."

Kalamu ilisimama. Wino ukatanda karatasini.

"Weka kalamu, mwana yangu," akasema yule mama. "Siye hatukumujua; we ulimujua. Lia we."