Sheria ya Watu Watano

"Ni mimi peke yangu," alisema mama muuza maziwa, amejibana kwenye dawati la watoto.

Surjit, msimamizi wa madarasa ya jioni ya chuo kikuu yaliyofanyika katika shule ya msingi mjini Nakuru, alikuwa amekuja kulifunga darasa hili la historia. Sheria aliitunga mwenyewe: wanafunzi wakiwa chini ya watano, darasa linakufa. Mwalimu alishaanza kufuta ubao.

"Pole, mama," alisema Surjit. "Nenda nyumbani upumzike."

Mama hakuinuka. "Mimi nitaenda kwa watoto wangu. Na wewe, Bwana Surjit, unayetusikiliza pale dirishani kila jioni, utaenda kwa nani?"

Surjit alijipenyeza kwenye dawati la pili, magoti yakagonga mbao.

"Mwalimu," alisema bila kumtazama mtu, "tulikuwa tumefika wapi?"