Msahihishaji wa Tatu

"Mwenzako kampa mtahiniwa huyu tisa kati ya ishirini, wewe kumi na nne," mkuu wa ukumbi wa kusahihishia mitihani alimwambia Zoulikha. "Mwekee kumi na moja, mama, tukale."

Kwa kumi na moja, mlango wa udaktari unafungwa.

Mtahiniwa hakuandika maelezo. Alichora chembe nyeupe ya damu ikimeza kijidudu, hatua zote, bila kosa. Mwongozo wa usahihishaji uliruhusu mchoro.

"Tukipishana hivi, anasoma msahihishaji wa tatu," Zoulikha alisema.

"Yuko mjini Annaba. Hafiki mpaka kesho."

"Tutamngoja."

Wakubwa ndivyo walivyo. Njaa yao kwanza, mtoto wa mtu baadaye.

"Mwakani hatukuiti kusahihisha."

"Msiniite."

Akaifunika kalamu nyekundu, akaweka kiganja chake chenye wino juu ya karatasi ya mtahiniwa, na hakukiondoa.