Bangili za Kashi

Malkia Indumati aliomba bangili, na wajakazi wote chumbani wakageuka kumtazama. Mjane havai bangili. Zake zilivunjwa kwa jiwe siku ya msiba wa mfalme.

"Nipe zako, Mama Kashi."

Kashi, yaya aliyemlea tangu utotoni, alisita. Bangili zile za kioo cha kijani hakuwahi kuzivua tangu harusi yake. Mke anayevua bangili anamwitia mumewe kifo, na mume wa Kashi alikuwa juu ya ukuta wa ngome, kando ya mzinga.

"Mwanangu, unajua unachoniomba?"

"Najua."

Kashi akapaka mafuta mikononi, akazivua moja moja. Akazipanga kwenye sinia, akalifunika kwa kitambaa, akashuka nalo uani, ambako kapteni Mwingereza alikuwa akingoja kukabidhiwa funguo za ngome.

Kapteni alifunua kitambaa, akatabasamu. Alidhani ni zawadi. Hakujua kwamba katika nchi ile, mwanamume anayepelekewa bangili ameambiwa akakae jikoni, vita awaachie wanawake.

"Mwambie malkia wako nashukuru," akasema, akaisukuma moja kwenye vidole vyake vinene mpaka ikakwama.

Nyuma yake walipanga mstari askari wake, wote wazaliwa wa nchi ile. Waliitazama bangili mkononi mwa mkubwa wao. Kisha mmoja akaanza kufungua vifungo vya koti lake jekundu, sare ya jeshi la Waingereza.

Kashi alificha mikono yake mitupu ndani ya shela, akainua macho kutazama juu ya ukuta wa ngome, penye mzinga.