Nyama Pamoja na Chai

"Bei ni nzuri, mama watoto. Watu ndio wabishi!" Irungu alinifokea, akigonga ubao wa hoteli yetu: nyama pamoja na chai ya maziwa, senti hamsini.

"Nzuri kwa nani? Benchi ni tupu tangu Jumatatu."

Nyama ilikuwa imeanza kunuka. Mwenye jengo alishasema akikuta hakuna wateja tena, chumba atampa mtu mwingine. Na sisi hatukuwa na shamba la kurudia.

Mzee mmoja Mkipsigis alisimama mlangoni, Irungu akamsomea ubao. Mzee akatikisa kichwa.

"Ni bei, baba?" nilimwuliza.

"Hapana, mama. Kwetu nyama na maziwa haviliwi siku moja. Ng'ombe wataugua."

"Basi kula nyama, uache chai!" Irungu akasema.

"Nilipie maziwa nisiyokunywa?" Mzee akaenda zake.

Nilichovya kona ya leso kwenye ndoo, nikafuta ubao wote. Maji meupe yakanitiririkia hadi kiwikoni.

"Utatumaliza, mwanamke!"

Nikaandika: nyama, senti thelathini. Chaki ikakatika. Nikaokota kipande, nikaongeza: chai ya rangi, bure.