Mashimo Thelathini na Moja

Meneja wa machimbo alikanyaga sakafu kwa kisigino, kwa uzito wake wote wa kilo mia na ushee, kisha akaitazama kalamu. Kalamu haikutikisika.

"Mbona haiandiki?" akauliza.

"Inajua kutofautisha mlima na kitambi," alijibu mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mtetemo.

Mkaguzi wa serikali alikohoa ili asicheke. Walikuwa wamebanana stoo, mbele ya mashine ambayo bibi huyo, alipostaafu kazi ya maabara ya shule, aliiunda kwa bawaba ya mlango, pasi kuukuu ya mkaa iliyoning'inia, sumaku ya spika, na kopo la maziwa lililozungushiwa karatasi. Miaka sita alikuwa akinasa matetemeko madogo ya ardhi ambayo hata mbwa hawakuyabwekea. Watu walimwona amerukwa na akili kidogo, wakamwacha na raha yake.

Halafu machimbo ya kokoto yakafunguliwa nyuma ya shule. Ukuta wa darasa la tatu ukapata ufa, na ufa ukapanuka hadi mkono wa mtoto ukapita. Kibali kiliruhusu kulipua mashimo kumi ya baruti kwa mpigo. Meneja aliapa hayakuzidi. Ufa, alisema, uliletwa na matetemeko ya asili, na shahidi wake ni mashine ya bibi mwenyewe!

Hapo ndipo bibi alipopandwa na hasira. Kila mlipuko ukipita, akawa anabandika karatasi kwenye geti la shule: leo mashimo ishirini na sita, leo ishirini na tisa. Watu wa machimbo waliichana, akabandika nyingine. Walimletea barua ya wakili, akaibandika na hiyo.

Mkaguzi alikuja kukata mzizi wa fitina. Saa nane mchana machimbo yalikuwa yamelipua. Sasa ilikuwa saa kumi na moja, na bibi alitakiwa kutaja idadi ya mashimo. Akikosea, asibandike tena hata tangazo la kuku aliyepotea. Akipatia, machimbo yatafungwa kabla ukuta haujawaangukia watoto.

"Na mumewe je?" mkaguzi alinong'ona, akielekeza kidevu sebuleni. "Si ndiye mlipuaji wenu?"

Meneja alicheka. "Yule ni mtu wangu kabisa. Hawasemezani tangu mwezi wa tatu, waulize majirani. Aliitupa mashine hii uani mchana kweupe. Mpaka leo mke akimfungia chakula, yeye anamrudishia kopo na kokoto ndani. Dharau hiyo!"

Mlipuaji alikuwa ameketi sebuleni na buti zake za kazi, amewapa mgongo. Kopo lake la chakula lilikuwa mezani, pale alipolibwaga aliporudi kazini saa moja iliyopita.

"Haya, mama," alisema mkaguzi. "Mashimo mangapi?"

Bi Mtetemo alivaa miwani, akaweka rula kwenye mstari, akapiga hesabu kiganjani. Kisha akamkazia macho meneja.

"Thelathini na moja."

"Kumi!" meneja alifoka. "Huyu mama anaota! Mlipuaji, hebu mwambie bwana mkaguzi!"

"Mimi na hiyo takataka hatuna mazungumzo," alisema mlipuaji bila kugeuka.

Mkaguzi alikunjua kijikaratasi. Kila shimo hula fataki moja ya kuwashia. Asubuhi alikuwa amezihesabu kimyakimya kwenye stoo ya baruti, na saa tisa akazihesabu tena. Zilipungua thelathini na moja.

"Siku moja ungesema mmepitiwa," alimwambia meneja. "Lakini kama mashine hii haikosei hata shimo moja, basi na karatasi zake zote za miezi mitano ni kweli." Akaandika amri ya kufunga machimbo, juu ya goti lake, palepale stoo.

Meneja alitoka akibamiza mlango hadi vioo vya dirisha vikalia. Kalamu haikutikisika.

Bi Mtetemo alingoja mpaka ngurumo ya magari ikapotea. Akaenda sebuleni, akalivuta kopo la chakula, akamwaga kokoto mezani na kuzihesabu upya, moja moja. Thelathini na moja.

"Ungemaliza maharage kwanza," alimwambia mumewe. "Mbili zilinasa humo, nusura niseme ishirini na tisa."

"Kesho sina kazi," alijibu mlipuaji, akatoa mfukoni sumaku ya spika iliyochomoka siku ile ya uani. "Lete bisibisi, tuitengeneze mashine yako."