Jina la Kanga

"Nimesasisha kivinjari, mke wangu, kina mambo mapya," alisema Shamte, akabeba begi akaenda safari yake ya kikazi.

Mwanaidi alipofungua kompyuta, tangazo lilimwambia kwamba sasa kurasa zilizofunguliwa kwenye simu zitaonekana na hapo. Simu ya Shamte ilikuwa na ukurasa mmoja tu: oda ya kanga za sare, doti mia mbili, za harusi ya Shamte na Rukia mwezi ujao. Jina la kanga: TUMEPENDANA WENYEWE.

Hakulia. Alilifuta, akaandika lake: BIBI HARUSI, MENO YA SHAMTE HULALA KWENYE GLASI.

Akathibitisha oda. Kisha akaketi, akiwaona akilini wanawake mia mbili wakiinuka kucheza, wakimgeuzia bwana harusi migongo.